Henry Wanyoike na Mwanafunzi Niliyemkalisha Chini ya Mwembe

Habari ya Henry Wanyoike niliipata kwa redio, mwishoni mwa Oktoba mwaka 2000. Nilikuwa nimekaa barazani jioni nikisahihisha madaftari ya Darasa la Sita, maana ingawa nilikuwa mwalimu mkuu sikuwahi kuacha kuingia darasani. Mtangazaji wa michezo alisoma harakaharaka, kama wasomavyo habari ambazo hawatarajii msikilizaji azijali, kwamba huko Sydney, Australia, Mkenya asiyeona amepata medali ya dhahabu katika mbio za mita 5,000. Akaongeza kwamba mwongozaji wake aliishiwa nguvu kabla ya kufika, ikabidi kipofu amvute mwenye macho hadi mstarini. Kisha akaingia kwenye matokeo ya mpira wa miguu.

Niliweka kalamu chini. Mke wangu akaniuliza kama nimesikia habari ya msiba. Nikamwambia hapana, ni habari ya mbio. Hakuelewa, nami sikumweleza, kwa sababu kumweleza kungenilazimu nianze na mwaka 1983.

Mwaka huo nilikuwa mwalimu mkuu kijana katika shule moja ya kandokando ya Ziwa Viktoria, mashariki ya mji wa Mwanza, mahali ambapo wazazi wengine walilima pamba na wengine walivua, na wengi walifanya yote mawili. Katika Darasa la Tatu tulikuwa na mvulana asiyeona. Surua ilimshika akiwa na umri wa miaka minne hivi, nyumbani kukiwa na njaa, na macho yote mawili yakaharibika. Siku zile jambo hilo halikuwa geni vijijini. Mtoto mwenye upungufu wa vitamini A akipatwa na surua, sehemu ile angavu ya mbele ya jicho hufanya kidonda. Na watu wa nyumbani, kwa nia njema kabisa, humtilia maji ya majani ya porini juu ya kidonda hicho, na jicho linakwisha. Chanjo na matone ya vitamini A vimepunguza sana upofu wa namna hiyo, na kijana anayesoma maneno haya leo huenda hajawahi kumwona mtoto wa namna ile. Sisi tuliwaona.

Hatukuwa na mwalimu wa nukta nundu wala kifaa chochote. Mtoto alikuja shuleni kwa sababu kaka yake alikuwa akija, basi. Walikuwa na fimbo moja ya mti mkavu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Kaka alitangulia ameshika ncha moja, mdogo akafuata ameshika ncha ya pili. Mara nyingi niliwaona kutoka dirisha la ofisi wakija mbio ufukweni, pale mchanga ulipolowa ukawa mgumu, wakikimbilia kuwahi mstarini kabla ya kengele. Niliwaona, lakini sikutazama. Nilichokiangalia ni saa yangu, nione kama wamechelewa.

Siku ya michezo ikafika. Tulikuwa tunachagua wakimbiaji wa kwenda mashindano ya tarafa. Yule kaka akanijia akiwa amesimama wima kama askari, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu anaomba tukimbie naye mita 1,500. Tutashika fimbo."

Nikakataa. Nilikuwa na sababu, na zilikuwa nzuri: uwanja una mashimo, ataanguka, atawaangusha wenzake, wazazi watanidai, na watoto watacheka. Chuo cha ualimu nilikosomea kilinipa somo zima la saikolojia ya mtoto, na katika daftari langu la somo lile sikumbuki ukurasa wowote uliozungumzia mtoto wa aina hii isipokuwa kwa neno moja: alindwe. Nami nikamlinda. Nilimwambia kwa sauti ya upole, na upole ule leo unanisumbua kuliko kama ningefoka, "Wewe baba keti hapa chini ya mwembe, uwapigie wenzako makofi."

Akakaa. Akapiga makofi wengine walipopiga. Mbio zilipokwisha aliuliza nani ameshinda, nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo sisi humpita kila asubuhi." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anatoa taarifa.

Ajabu ni kwamba ofisini kwangu palikuwa pamebandikwa tangazo la mwaka 1981, ambao Umoja wa Mataifa uliuita Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Na mwaka 1982 Bunge letu lilikuwa limepitisha sheria ya ajira kwa walemavu, iliyotaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi awe na asilimia 2 ya walemavu miongoni mwao. Niliwasomea walimu wenzangu gazeti lililoandika habari hiyo. Hakuna aliyetutajia mbio, na mimi sikuwa mtu wa kufikiri zaidi ya waraka.

Sasa niseme habari za Wanyoike mwenyewe, nilivyozikusanya pole pole kwa miaka mingi, kwanza katika magazeti, na siku hizi kwa msaada wa simu ya mjukuu wangu.

Alizaliwa tarehe 10 Mei 1974 huko Kikuyu, karibu na Nairobi. Mwaka huohuo, mwezi Februari, Filbert Bayi wetu alikuwa amekimbia mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia kwa kuongoza tangu mlio wa bastola mpaka mwisho. Nalitaja hili si kwa majigambo ya Utanzania tu. Miaka ile kila mtoto wa Afrika Mashariki aliyekuwa na miguu miwili alijiona ni Bayi au Kipchoge Keino. Mtoto yule wa Kikuyu naye alikua akikimbia, kwenda shule na kurudi, na alikuwa na tamaa ya kuwa mwanariadha. Kwa hiyo wale wanaosimulia habari zake kana kwamba kipofu mmoja aliamka siku moja akagundua anaweza kukimbia, wanakosea. Mbio zilikuwa zake tangu mwanzo.

Mwezi Mei 1995, akiwa hajatimiza umri wa miaka 21, alilala akiwa mzima na asubuhi akaamka haoni. Alikuwa amepatwa na kiharusi. Kiasi kidogo cha kuona kilichobaki nacho kikaendelea kufifia. Jaribu kufikiri, msomaji, kijana wa miaka ishirini anayeamka na kudhani bado ni usiku. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyokata tamaa katika miaka iliyofuata, hata kutotaka kuishi, na jinsi alivyokuwa mzigo kwa mama yake. Mtu aliyezaliwa haoni, au aliyepofuka akiwa mdogo kama mwanafunzi wangu, hujifunza dunia kwa mikono na masikio pamoja na kujifunza kusema. Huyu alikuwa na dunia nzima kichwani, akanyang'anywa.

Alichukuliwa katika mradi wa watu wenye uoni hafifu wa hospitali ya macho ya Kikuyu. Baadaye akaenda Machakos, kwenye chuo cha ufundi cha wasioona, akajifunza kufuma masweta kwa mashine. Jambo hili la masweta magazeti hulipita kwa sentensi moja ili yafike Sydney. Mimi nalikalia kidogo, kwa sababu nimekuwa mwalimu. Kabla ya medali palikuwa na mtu aliyemwonyesha uzi unaingia wapi. Mtu aliyekwisha kujiona hafai kwa lolote alitengeneza kitu ambacho mwingine alikivaa, na baadaye akawafundisha wenzake ufundi huo. Sidhani kama angefika uwanjani bila kupita kwenye mashine ile.

Kukimbia alirudishwa na watu waliomweleza kwamba wasioona hukimbia mashindano kwa kuongozwa. Hapa lazima nieleze utaratibu wake. Mwenye kukimbia na mwongozaji huunganishwa kwa kamba fupi, mmoja ameshika au amefungwa mkononi upande huu na mwenziwe upande wa pili. Katika daraja la wasioona kabisa, ambalo huitwa T11, wakimbiaji wote hufunikwa macho, ili yule anayeona nuru kidogo asimzidi yule asiyeona chochote. Mwongozaji humwambia mwenziwe kona imefika, fulani yuko mbele, ongeza mwendo. Haruhusiwi kumvuta. Haruhusiwi kuvuka mstari kabla yake. Mikono yao lazima iende pamoja na miguu yao iende pamoja, maana hatua zikipishana kamba itawaangusha wote wawili. Kwa miaka mingi mwongozaji alirudi nyumbani bila medali. Siku hizi naye huvishwa.

Tazama basi ugumu uliopo: mwongozaji lazima awe na mbio kuliko anayemwongoza, kwa sababu yeye anakimbia na kusema kwa wakati mmoja. Na Wanyoike alikuwa na mbio mno. Kule Sydney mwongozaji wake alikuwa John Kibunja. Mita 5,000 ni mizunguko kumi na miwili na nusu ya uwanja. Walipoelekea mwisho Kibunja alikuwa amekwisha nguvu kabisa, na mbele yao hapakuwa na mtu. Mbio zilikuwa zao kama wangefika tu, na kufika peke yake Wanyoike hakuweza, maana hana macho, wala kanuni zisingemhesabia. Akamshika mwenziwe, akamvuta na kumsukuma mpaka mstarini. Kanuni zinakataza mwongozaji kumvuta mkimbiaji. Nadhani walioziandika hawakuwaza kwamba siku moja mambo yangegeuka.

Michezo yenyewe ilianza kwa udogo sana. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939, alikuwa akiwatibu askari waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa London, aliwapanga wagonjwa 16 kwenye viti vya magurudumu washindane kulenga shabaha kwa mishale. Mwaka 1960 mashindano yakafika Roma yakiwa na wanamichezo 400 hivi kutoka nchi 23. Wasioona walikaribishwa mwaka 1976 huko Toronto. Kwa hiyo mwaka 1983, nilipokuwa namkalisha mtoto chini ya mwembe, wasioona duniani walikwisha kukimbia michezo miwili mikubwa. Sikujua. Lakini pia sikuuliza.

Hapa naomba ruhusa nitoke njiani kidogo niseme juu ya lugha yetu. Kiswahili kimeweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika ngeli ile ya kiti na kikombe. Wataalamu watasema, na ni kweli, kwamba katika sentensi tunasema "kipofu amekuja", si "kipofu kimekuja", kwa hiyo mtu amebaki mtu. Ni kweli. Hata hivyo nimewafundisha watoto ngeli kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila nilipofika kwenye orodha hiyo niliona wale watoto wakitazamana. Siku hizi tunasema "mtu mwenye ulemavu" na "asiyeona". Ni maneno marefu, na wazee wenzangu huyacheka. Mimi nimeyazoea.

Baada ya Sydney Wanyoike alipata mwongozaji mpya, Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utotoni. Watu huwachanganya hawa wawili kwa sababu ya jina. Joseph hakuwa mwanariadha wa sifa, lakini ilibidi afanye mazoezi mpaka awe na uwezo wa kukaa mbele ya bingwa wa dunia huku akizungumza. Nikifikiri juu ya huyu Joseph namkumbuka yule kaka mwenye fimbo. Mwaka 2004, Athens, Ugiriki, walishinda mita 5,000 kwa dakika 15 na sekunde 11.07, na mita 10,000 kwa dakika 31 na sekunde 37.25. Zote mbili zilikuwa rekodi za dunia katika daraja lao. Mwanafunzi wa hesabu akigawa ataona kwamba mita 10,000 zile ni sawa na kila kilometa kwa dakika 3 na sekunde 10 hivi, gizani, mara kumi mfululizo. Waweke vijana wenye macho yao katika uwanja wa Nyamagana uone wangapi watamaliza kilometa mbili za namna hiyo.

Kisha wakaingia barabarani. Mwezi Aprili 2005 walikimbia marathoni ya London, na wiki moja tu baadaye wakakimbia ya Hamburg kwa saa 2, dakika 31 na sekunde 31. Mwaka 2008 huko Beijing alipata medali ya shaba katika mita 5,000. Umri ulikuwa unakwenda na wengine walikuwa wamekuja. Tangu hapo jina lake limetumika zaidi katika kuchangisha fedha za matibabu ya macho, na mfuko alioufungua kwao Kikuyu umesaidia watu wenye ulemavu na watoto wa maskini. Kenya iliendelea kutoa wakimbiaji wasioona, kama Samwel Mushai Kimani, bingwa wa mita 1,500 mwaka 2012 na 2016. Nchi ikishampata wa kwanza, wa pili hatafutwi kwa tochi.

Narudi kwa mwanafunzi wangu, na hapa ndipo kalamu inakuwa nzito.

Mwaka uliofuata siku ile ya michezo alihamishiwa shule ya bweni ya wasioona. Nilisaini barua mimi mwenyewe, nikajisifu kwamba nimemtendea wema, na pengine nilimtendea. Kaka yake alimsindikiza mpaka kwenye basi. Sikumwandikia hata mara moja. Habari ile ya Sydney iliponifikia mwaka 2000 alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, na sikujua kama yu hai.

Nilimkuta mwaka 2016, au niseme yeye ndiye aliyenikuta. Nilikuwa nimestaafu, na mtoto wa jicho alikuwa ameanza kuniziba macho yote mawili. Ilikuwa kabla sijafanyiwa upasuaji. Nilikwenda Mwaloni, Kirumba, kununua dagaa, nikawa nabishana bei na mama mmoja. Nyuma yangu sauti ya mwanamume ikasema, "Shikamoo Mwalimu." Nikageuka, nikaona kivuli tu. Nikaitikia marahaba, nikamwomba anisamehe, macho yangu mabovu. Akacheka sana. Akasema, "Yangu je?"

Alikuwa na meza yake ya dagaa pamoja na mkewe. Alipima kwa kisado kama wengine, akikung'uta kwa kiganja juu mpaka dagaa walingane na ukingo, na nadhani alikuwa mwaminifu kuliko wale wenye macho. Nilimwuliza habari za kaka yake. Akaniambia alifariki ziwani zamani, katika uvuvi, mtumbwi ulipopinduka kwa dhoruba. Tukanyamaza.

Sikutaka kuondoka bila kusema. Nikamwambia, "Baba, siku ile ya mbio nilikukosea." Akauliza mbio zipi. Nilidhani ananihurumia, lakini nilipomweleza akakumbuka, akasema tu, "Ah, mwembe ule ulikuwa na siafu." Basi nikamsimulia habari za Wanyoike, nikidhani nampelekea jambo jipya. Kumbe aliijua yote tangu mwaka ule wa 2000. Naye aliisikia redioni. Akaniuliza swali ambalo katika kusoma kwangu kote sikuwa nimelifikiria: "Mwongozaji alipochoka, Wanyoike alijuaje mstari uko upande gani?"

Nikasema labda ni kelele za watu. Akakataa. Kelele uwanjani ziko pande zote, akasema, kelele hazina njia. Akachukua fimbo yake iliyokuwa imeegemezwa mezani, akanipa ncha moja niishike, naye akashika ncha ya pili. Akasema kwamba marehemu kaka yake alipokuwa akichoka, fimbo ilikuwa inashuka kwanza, halafu inacheza upande, lakini haikuacha kuelekea shuleni. Mtu akichoka, miguu yake bado inajua anakokwenda. "Mimi nilikuwa nasoma fimbo," akasema. "Yeye alisoma kamba."

Sijui kama ndivyo ilivyokuwa Sydney. Ningependa siku moja mtu amwulize Wanyoike.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama, na kwa macho yangu ya wakati ule jioni ilikuwa mbaya kuliko usiku. Njia ya kutoka sokoni ilijaa mikokoteni na magunia. Akafunga dagaa wangu, akamwambia mkewe anakuja sasa hivi. Hakurudisha fimbo mahali pake. Alitangulia yeye, nami nikafuata nimeshika ncha ya nyuma, mpaka kituo cha daladala.